Nywele za kipilipili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu ya msusi

Nimesuka vichwa vya watu miaka mingi, na kuna jambo moja linanishangaza hadi leo. Mtu akikaa kitini kwa mara ya kwanza na kuvua kitambaa, neno lake la kwanza ni kuomba radhi. "Samahani dada, nywele zangu ngumu." "Usinicheke, sijazichana wiki nzima." Mama mmoja aliniomba radhi kwa niaba ya binti yake wa miaka mitano, na mtoto amesimama pale pale anasikiliza. Sijawahi kuona mtu akimwomba fundi viatu radhi kwa sababu ana miguu.

Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayofuata baada ya ile samahani. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa mkato, maana hayana uzito mmoja.

Kwa nini nywele zangu ni ngumu?

Si ngumu. Hili nitalieleza polepole kwa sababu mengi yanayofuata yanatoka hapa.

Ukikata unywele wa singa na kuutazama kwa hadubini, utaona mduara unaokaribia kukamilika. Wa kipilipili ni bapa, kama utepe. Tena tundu unamoota limepinda ndani ya ngozi, kwa hiyo unatoka nje ukiwa umeshajiviringa. Kila unapopinda pana udhaifu. Vuta unywele wa singa na wa kipilipili kwa nguvu ile ile, na wa kipilipili ndio utakaotangulia kukatika. Yaani hizi tunazoziita ngumu ndizo dhaifu kuliko zote.

Halafu kuna suala la mafuta. Ngozi ya kichwa hutengeneza mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka huteleza hadi nchani. Kwenye uliojiviringa hukwama kila kona. Ndiyo maana utosi unaweza kung'aa wakati ncha zimekauka kama majani ya kiangazi.

Sasa neno "ngumu" halikai mdomoni tu, linashuka hadi mikononi. Kitu kigumu tunakikabili kwa nguvu. Mtoto anabanwa katikati ya magoti, chanuo linazamishwa kwenye ngozi na kuvutwa hadi nchani, nywele zikiwa kavu. Mafundo yote yanasukumwa kwenda mahali pamoja, kisha yanavunjwa. Ule mlio wa kacha-kacha wengi wetu tumekua nao tukidhani ndiyo sauti ya kuchana. Ni sauti ya nywele kukatika.

Zilowanishe kwanza. Zigawe mafungu manne au sita, tia kondishena ya kutosha hadi zitelezee vidoleni. Anza nchani, kwa vidole, fumbua, panda kidogo, fumbua tena. Chanuo la meno mapana lije mwisho. Kichwa cha mtoto kinaweza kuchukua saa nzima. Kichukue hiyo saa.

Mbona hazikui?

Zinakua. Kama umewahi kutia dawa ya kunyoosha, unajua kwamba baada ya miezi miwili yanatokea maotea chini yake. Yametoka wapi?

Kuna mambo mawili yanayokudanganya. La kwanza ni kujikunja: nywele za kipilipili zilizolowa kisha zikakauka zenyewe zinaweza kuonekana robo tu ya urefu wake halisi. Shika fungu moja, livute taratibu, utaona. La pili ni kukatika. Kichwa kinaongeza kwenye ngozi na wewe unapoteza nchani kwa kiwango kile kile, hivyo kipimo kinabaki palepale mwaka mzima. Usihangaike na mafuta ya kukuzia. Hangaika na ncha: zifungie kwenye mitindo isiyozisugua, lala na kitambaa cha satini, na punguza moto.

Mimi ni 4B au 4C?

Ngazi hizi za aina za nywele zilianzishwa na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, katika miaka ya 1990. Moja ni nywele zilizonyooka, nne ni zile zilizojikunja kabisa, na herufi zikafuata: kutoka A kwenda C mkunjo unazidi kukaza. Kwa kuchagua bidhaa zinasaidia kidogo. Ila kichwa kimoja kinaweza kuwa na 4A kisogoni na 4C utosini, na mambo ambayo mimi huyatazama kwanza hayamo kabisa kwenye ngazi hizo: unywele ni mwembamba au mnene? Unakunywa maji haraka au unayakataa? Kuna wateja wangu wanaitamka 4C kwa sauti ile ile ya "ngumu". Tumebadilisha jina, hukumu ni ile ile.

Nani aliamua kwamba nywele nzuri ni zile zinazoanguka mabegani?

Watu wengi, kwa nyakati mbalimbali, na baadhi yao waliweka sahihi na tarehe. Hilo linanifariji kwa namna fulani. Si hewa tuliyozaliwa ndani yake; ni amri, na amri huwa na mwenyewe.

Mwaka 1786, Louisiana, ambayo leo ni jimbo la Marekani, ikiwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró aliamuru wanawake huru wenye asili ya Kiafrika wafunike nywele zao kwa kitambaa. Walikuwa wanapendeza mno kwa mitindo yao, na hilo liliwakera wakubwa. Wanawake wakatii. Wakatafuta vitambaa vya rangi kali kuliko zote, wakavifunga kwa madaha, na kile kilichokusudiwa kuwa alama ya unyonge kikawa fasheni. (Nikifika hapa wateja wangu hucheka wote, bila kujali umri.)

Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1950 ilitaka kila mtu aandikishwe kwa rangi yake. Ofisa akipata shaka, njia mojawapo iliyotumika ilikuwa penseli: inachomekwa kwenye nywele, ikianguka wewe ni mzungu, ikibaki si mzungu. Kwa jibu hilo ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991, kwa hiyo waliochomekewa penseli wakiwa watoto wengi wao bado wako hai.

Upande wa biashara, watu humtaja Madam C. J. Walker, Mmarekani mweusi aliyeuza bidhaa za nywele, kama aliyebuni kitana cha moto cha kunyooshea. Si kweli. Alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Sarah Breedlove, akaanza biashara yake kwa sababu nywele zake mwenyewe zilikuwa zinanyonyoka kwa ugonjwa wa ngozi, na alichouza hasa kilikuwa dawa ya kuzikuza na kutibu ngozi ya kichwa. Vitana vya moto vilikuwapo kabla yake. Namtetea kwa sababu ni mwenzetu wa kazi.

Wala usidhani mambo haya yameishia kwenye vitabu vya historia. Mwaka 2021, kabla ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kuogelea duniani lilikataa kofia iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele nyingi kama zetu, likisema haifuati umbo la asili la kichwa. Soma tena: umbo la asili la kichwa. Iliruhusiwa mwaka 2022, baada ya kelele.

Dawa ya kunyoosha inafanya nini hasa?

Inavunja vifungo vya salfa vinavyoshikilia umbo la unywele kutoka ndani. Maji na pasi havifiki huko. Ndiyo maana nywele zilizopigwa pasi hurudi zikiloa, na zilizotiwa dawa hazirudi. Kilichonyooka kimenyooka hadi kikatwe.

Ili kufika huko dawa lazima iwe kali. Kipimo cha uchachu, pH, cha nywele na ngozi ni karibu 5. Cha dawa ya kunyoosha ni 12 hadi 14; namba ikipanda uchachu unapungua na ukali wa magadi unaongezeka, na kila hatua moja ni mara kumi. Zile za "lai" zina sodiamu haidroksaidi, kemikali ile ile inayozibulia mabomba ya maji machafu. Zinazoandikwa "hazina lai" hutumia kalisi haidroksaidi ikichanganywa na kemikali nyingine. Haziunguzi haraka vile, lakini huacha kalisi kwenye nywele zikakauka zaidi. Na baadhi ya zile za "keratini" hutoa gesi ya fomaldehaidi zikipashwa moto. Ukiona msusi anafungua madirisha yote na macho yanamtoka machozi, ujue si vitunguu.

Kuhusu saratani, nitasema ninachokijua. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake wapatao 33,500 kwa karibu miaka 11. Wale ambao hawakutumia dawa za kunyoosha, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ulikuwa asilimia 1.64. Waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanaandamana. Hauthibitishi kwamba moja limezaa lingine. Saratani hiyo bado si ya kawaida kwa kundi lolote kati ya hayo. Lakini zaidi ya maradufu si jambo la kupuuza, nami nimeacha kutia dawa vichwa vya watoto. Mzazi akinikasirikia, anikasirikie.

Ukiamua kutia, basi: usioshe wala kukuna kichwa siku mbili kabla, paka jeli ya mafuta kwenye ngozi na masikioni, na tia kwenye maotea peke yake. Ikianza kuchoma, ioshwe muda huo huo. "Vumilia kidogo, ndiyo inashika" ni uongo tuliourithi. Kuchoma si dalili ya kushika, ni dalili ya kuungua.

Kwa hiyo nikitia dawa au nikivaa wigi, najichukia?

Hapana, na anayekwambia hivyo hajui maisha yako. Nina mteja mwenye mikono inayouma kwa baridi yabisi. Kunyoosha kunamwezesha kujichana mwenyewe. Mwingine amevaa wigi tangu alipomaliza tiba ya saratani. Wengine wanapenda tu, na kupenda ni sababu tosha. Siku hizi kuna askari kanzu wa nywele asili ambao wanakagua vichwa vya wenzao kama vile viranja walivyotukagua sisi, kilichobadilika ni kosa tu.

Swali ninalouliza mimi ni jepesi zaidi: ukiwa peke yako likizo, hakuna anayekuona, ungezifanyaje? Jibu likiwa lile lile, kaa kitini tuanze. Likiwa tofauti, tuzungumze kwanza, na mara nyingi mazungumzo hayo hayamhusu mteja, yanamhusu bosi wake au mama mkwe.

Kusuka ni salama?

Kusuka kunalinda, kukaza kunaua. Upara unaotokana na kuvutwa nywele uliandikwa na madaktari tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliobana nywele zao kwa nguvu, kwa hiyo si ugonjwa wa taifa fulani. Ni ugonjwa wa mvuto.

Dalili huanza usoni pa kichwa, karibu na masikio. Vipele vidogo vyeupe kwenye shina la msuko. Ngozi inayouma ukigusa. Baadaye mstari wa mbele unarudi nyuma, huku vinywele vichache vifupi vikibaki mbele kabisa kama nyuzi kwenye ukingo wa shuka. Ukiona hivyo, fumua. Leo, si baada ya sherehe. Mwanzoni nywele hurudi; ukiendelea miaka, ngozi hufanya kovu na matundu yanajifunga moja kwa moja.

Ikiwa umetoka kusuka na unahitaji dawa ya maumivu ili ulale, umesukwa vibaya. Mwambie msusi alegeze. Tunaudhika, kweli, lakini tutalegeza.

Upara unaoanzia utosini na kutanuka kama duara, ukiambatana na kuwasha au kuchoma, ni habari nyingine. Huo mpelekee daktari wa ngozi haraka, usiniletee mimi.

Shule au kazini wanasema nywele zangu "si nadhifu". Nina haki gani?

Inategemea uko wapi, na sheria zimekuwa zikibadilika. Mwaka 1981 mahakama ya shirikisho jijini New York ilimkatalia mfanyakazi wa shirika la ndege aliyetaka kusuka mistari kazini. Hoja ikawa kwamba msuko ni kitu cha kubadilishwa, si sawa na rangi ya ngozi. Hoja hiyo ilitawala Marekani kwa miongo. Mwaka 2019 California ikawa jimbo la kwanza kupitisha CROWN Act, inayosema wazi kwamba kumbagua mtu kwa aina ya nywele au kwa misuko, dredi na mitindo ya jamii yake ni kumbagua kwa rangi. Majimbo zaidi ya 20 yamefuata. Uingereza, tume ya usawa na haki za binadamu ilitoa mwongozo mwaka 2022 ikizitahadharisha shule kwamba kupiga marufuku afro, misuko na dredi huenda ni kuvunja sheria.

Kwetu Afrika mahakama zimesema pia. Kenya mwaka 2019, Ghana mwaka 2021 katika kesi ya shule ya Achimota, Malawi mwaka 2023: zote ziliwapa haki wanafunzi wenye dredi. Lakini angalia vizuri, wote walikuwa Warastafari, na kilichowabeba ni uhuru wa imani. Binti ambaye hana dini ya nywele, ana nywele tu, bado yuko kwenye kivuli chembamba. Wasichana wa Pretoria walioandamana shuleni kwao mwaka 2016 hawakudai imani yoyote. Walidai kuacha nywele zao ziote zinavyoota.

Ukiitwa ofisini, kabla ya kubishana omba kanuni yenyewe, iliyoandikwa. Mara nyingi haipo, au imeandikwa "nadhifu" tu bila kipimo. Uliza kipimo ni kipi: urefu, usafi, au umbo? Safi inaweza kuthibitishwa. Fupi inaweza kupimwa. Ikibaki umbo peke yake, waulize kwa upole kama mwenye nywele za singa anatakiwa naye abadilishe umbo la zake. Piga picha ya kichwa chako siku hiyo, andika tarehe na aliyesema nini.

Dredi si uchafu?

Dredi huoshwa kama nywele nyingine, na mimi naziosha kila siku ya kazi. Zinakauka polepole, na zisipokaushwa vizuri hunuka unyevu, kama taulo. Hapo ndipo sifa mbaya ilipoanzia kwa kiasi fulani. Kwingine ilianzia kwa hofu. Field Marshal Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni na Mau Mau, alizifuga zake takribani miaka 70, zikanyolewa mbele ya watu Aprili 2022 akiwa amevuka miaka 90. Alipokuwa hai, ungethubutu kumwambia huyo kuhusu uchafu?

Watu wanataka kushika nywele zangu. Nifanyeje?

Ukitaka waache, usipotaka kataa. Anayeshika kabla ya kuomba, rudisha kichwa nyuma na uendelee na mazungumzo kana kwamba umekwepa nzi.

Binti yangu anafunga taulo kichwani na kulitikisa, anasema ndizo nywele zake. Nimwambie nini?

Nami nilifunga taulo. Sidhani kama hotuba inasaidia. Mtoto wa miaka minne haelewi historia ya Louisiana. Anaelewa unachosema wewe ukiwa mbele ya kioo. Ukijitazama na kuguna "hebu angalia kichwa hiki", umeshamfundisha.

Yule binti niliyemtaja mwanzoni, ambaye mama yake aliniomba radhi, nilimpa unywele mmoja uliokuwa umebaki kwenye chanuo, umelowa. Nikamwambia avute ncha mbili kisha aachie moja. Ukarudi wenyewe, ukajikunja kama spiringi ya kalamu. Akavuta tena. Mama anazungumza na simu, mtoto anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Nilipomaliza kumsuka akaniuliza kama anaweza kwenda nao. Tukaubandika kwa gundi ya karatasi ndani ya daftari lake la hesabu.

Nikiacha dawa, ni lazima ninyoe zote?

Si lazima. Unaweza kuacha maotea yarefuke na kupunguza ncha kila baada ya miezi michache. Tatizo ni mpakani, pale unywele uliojikunja unapokutana na ulionyooka: hapo hukatika kwa urahisi ajabu. Mitindo ya kusokota inaficha tofauti ya aina mbili hizo. Wengi huvumilia hivyo hadi asubuhi moja wanakasirika na kushika mkasi wenyewe. Tafadhali njooni kwanza, kisogo hakionekani kwenye kioo cha bafuni.

Nikinyoa leo, lini zitafika mabegani?

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo. Kutoka utosini hadi begani hesabu sentimita 28 hivi zikiwa zimevutwa. Kwa hiyo miaka mitatu kama hazikatiki, minne kama unaishi maisha ya kawaida. Zikiwa hazijavutwa zitakuwa zimekaa masikioni, na kuna watakaokuuliza mbona hazikui.